Redio Chini ya Khanga

Baada ya dada yangu kuzikwa, ukoo ulikaa kugawa vitu vyake, na mimi nikapewa redio na boksi la kaseti na sidii. Mashangazi walichukua vitenge, binamu akachukua panga na jembe, ng'ombe akabaki kwa mama kwa sababu bila maziwa mama hanywi chai. Redio nilipewa mimi, walisema, kwa kuwa naishi mjini na watu wa mjini wanapenda muziki. Sijui nani aliwadanganya. Nauza rangi na misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Moshi, na muziki ninaousikia ni ule unaopita barabarani na gari la matangazo.

Nyumbani kwetu, juu Marangu, mtu akifa redio inafunikwa khanga na kufungwa fundo. Haiwashwi hata kwa taarifa ya habari, mpaka misa ya kubariki kaburi ipite. Siku hiyo, watu wakishakula, mmoja wa wafiwa anaifungua, na kinachopigwa kwanza ni kile marehemu alichokipenda. Bibi alipigiwa kwaya. Baba alipigiwa rumba, na wazee wakaicheza kwa mabega tu, wamekaa, mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Majirani wanazima redio zao siku chache na kuendelea na maisha, lakini mama yangu hiyo desturi aliikuta kwa mama mkwe wake na hakutaka ife mikononi mwake.

Mama macho yake yana mtoto wa jicho. Haoni zaidi ya kivuli cha mtu mlangoni. Watu walipoanza kuondoka msibani aliniita ndani, akanikabidhi redio ikiwa imeshafungwa.

"Baba," aliniambia, maana nina jina la baba yake na hajawahi kuniita vingine, "nenda nayo mjini. Hapa haiwezi kusema. Huko isikilize yote iliyomo kwenye boksi, yote, kisha uniambie dada yako alipenda ipi. Siku ya misa nataka ipigwe hiyo."

"Mama, wewe ndiye uliyekaa naye."

"Nilikaa naye. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Sikumwelewa, na sikumwuliza. Wakati ule nilikuwa siulizi kitu.

Niseme hali yangu ilivyokuwa. Sikulia. Dada aliugua tumbo, na tulipompeleka hospitali alikuwa tayari hawezi kukaa. Daktari alimwuliza maumivu yalianza lini, akajibu, "Juzi juzi tu." Wiki haikuisha. Walisema ni uvimbe, na wa siku nyingi. Mimi nilipanga gari, nikanunua jeneza, nikashika koleo, na nilipokuwa natupia udongo kaburini nilikuwa nafikiria kwamba udongo ule una mfinyanzi mwingi na ungetoa tofali zuri. Shangazi mmoja aliwaambia wenzake kwamba nimejikaza kiume. Sikuwa nimejikaza popote. Hakukuwa na cha kukaza. Nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima, kama mguu ulioukalia muda mrefu kanisani, unaujua ni wako kwa sababu tu umeunganika na wewe.

Dukani nilichanganya rangi vizuri kuliko siku zote. Mteja akitaka krimu anapata krimu ile ile ya jana yake. Tajiri wangu alinisifia.

Jioni nilisikiliza muziki.

Nimepanga chumba Majengo, kwa mama mmoja wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka Tanga, Upareni na kwingine anakokutaja kutegemea anagombana na nani. Siku ya kwanza nilifungua fundo, nikachomeka waya, nikatia sidii iliyokuja mkononi, nikabonyeza. Nyumba iliruka. Kitufe cha sauti kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho.

"Astaghfirullah!" mama mwenye nyumba alipiga ukelele kutoka uani. "Wewe Mchaga, unabomoa nyumba nimeshika mchele?"

Nilipunguza, nikamwomba radhi. Nilijisemea ni watu walioihamisha msibani ndio walioigusa gusa kile kitufe.

Lile boksi lilikuwa na mchanganyiko wa ajabu, na chanzo chake nakijua. Dada hakuolewa. Kwa mila ilikuwa mimi, mtoto wa mwisho wa kiume, nibaki kihambani, kwenye shamba la ukoo, na wazazi. Nikaja mjini, akabaki yeye kwenye migomba na kahawa, na hakuna aliyeona ajabu. Pamoja na shamba alikuwa anafua nguo za waongoza watalii na wapagazi wakishuka mlimani, nguo zenye matope ya juu kule ambayo hayatoki kirahisi. Vijana wale walimpenda. Walimletea soksi, chokoleti za wageni zilizopondeka, na muziki: sidii walizopewa na watalii wao, sidii walizochoka nazo wenyewe, flashi waliyojaziwa nyimbo Himo. Kwetu zawadi haikataliwi. Aliziweka zote kwenye boksi la sabuni, juu ya kaseti za baba.

Baada ya kishindo kile nilianza upya na kwaya, kwa heshima. Ni albamu nzuri, sina neno. Wanaume wanaimba besi kama wanasukuma gari lililokwama, na mpiga kinanda amepata mdundo mmoja uliokuja na kinanda chenyewe kutoka dukani na hakuuacha mpaka kaseti ikaisha. Wimbo wa kwanza tuko safarini. Wa pili safari ina miiba. Wa tatu tumekaribia. Tulipofika upande wa pili wa kaseti nilikuwa natamani tufike tu, tupumzike. Nilijipima kifuani kama mtu anayejipapasa mfukoni kutafuta ufunguo. Hamna.

Rumba za baba nilizisikiliza zote Jumapili moja nikipiga pasi. Mtu analia kwa Kilingala, analia kwa adabu, amevaa suti hata kwenye sauti yake. Halafu katikati ya msiba wake magitaa yanachoka kumsubiri na kuanza kucheza yenyewe. Hilo nililipenda. Nilimaliza mashati yangu na mashuka, nikapiga pasi hata taulo. Lakini ule ulikuwa muziki wa baba, na baba alishapigiwa.

Taarabu ilimtoa mama mwenye nyumba jikoni na mwiko mkononi. Alisimama mlangoni kwangu, bega moja juu kidogo, akafumba macho.

"Hiyo usiizime. Unamsikia? Anamwambia jirani yake amekonda kwa husuda."

"Mbona hajamtaja?"

"Akimtaja kuna utamu gani tena? Anayesemwa amejijua, amekaa mstari wa mbele na anamtunza." Akacheka peke yake. Wimbo ule ulichukua muda wa kuivisha maharage, na wote wawili tulisimama mpaka mwisho. "Dada yako aliipenda hii," akakata shauri, yeye ambaye hakuwahi kumwona dada yangu. "Mwanamke gani asiipende?"

Nilitamani niamini. Ila dada yangu alikuwa akiwa na neno na jirani analipeleka kwa jirani mwenyewe.

Flashi ya Himo ilikuwa na vijana wa siku hizi. Kila mmoja anaahidi nyumba, kila mmoja yuko tayari kufa kwa ajili ya mtoto wa watu, na sauti zimepitishwa kwenye mashine mpaka zimekuwa laini kama plastiki. Nyimbo fupi, zimeisha kabla ndoo ya rangi haijakolea. Sikuzichukia. Niliziacha zinapita na kesho yake dukani nikajikuta naimba mmoja wao, maneno yote, bila kumaanisha hata moja. Baada ya hao ikaja singeli, ya kasi kiasi kwamba nilimaliza kula ugali sijui kama nimeanza.

Kulikuwa na Mzungu mmoja wa kofia pana na gitaa, wa aina ile ambayo wazee wa kwetu wanaipenda na hakuna anayejua walikutana naye wapi. Anasikitika polepole, bila kumlaumu mtu. Kiingereza chake sikukipata chote, lakini sauti ile naifahamu. Ni ya mkulima wa kahawa mwaka ambao bei imeanguka na yeye alishasomesha watoto kwa mkopo. Nilimsikiliza kwa huruma ya kawaida, ile unayompa mtu mliyekaa naye foleni moja. Reggae nayo ilikuwapo, nyingi, kwa sababu vijana wa mlimani hawapandi bila reggae. Yule mwimbaji hana haraka na dunia, ila ana hasira nayo. Niko naye kwa yote mawili, na bado kifuani sikusikia kitu.

Sidii moja ilikuwa na fidla tupu. Nilikaa nikisubiri mtu aimbe. Fidla zilipanda, zikashuka, zikanong'ona, nami nikajua sasa ndiyo anakuja. Hakuja. Sidii ikaisha, nikagundua kuwa hakukuwa na mtu tangu mwanzo. Nilikaa kitandani viatu mguuni mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kama nimekula.

Na ile ya mwisho, ambayo ndiyo niliyoanza nayo siku nyumba iliporuka, ilikuwa ile ya kelele. Jaladani kuna fuvu lenye pembe. Ndani kuna ngoma zinazopigwa kama bati linaloanguka bila kufika chini, magitaa yanayosaga, na mtu anafoka. Haimbi, anafoka, kama aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Hiyo niliitambua. Niliwahi kuisikia kwenye simu.

Maana kila nilipompigia dada kulikuwa na muziki nyuma yake. "Uko kwenye sherehe?" nilikuwa namwuliza. "Sherehe ya nani, nachambua maharage," anajibu, kisha anaomba anipigie baadaye kwa sababu hanisikii vizuri. Siku ile ya kelele nilimwuliza kama amegeuka dini. "Vijana wameniletea," akasema. "Nimeizoea." Nikawa nawahadithia watu dukani kwamba dada yangu anaishi kijijini kama anaishi baa. Juu Marangu nako walikuwa na hadithi yao, na msibani waliisimulia kwa kicheko kile cha kusaidia watu wapumue: namna alivyofungulia muziki ule wa mashetani katikati ya Kwaresima, watu wametoka Njia ya Msalaba, mpaka mwenyekiti wa jumuiya, mama mzima na heshima zake, akaja kumwonya. Dada alimkaribisha, akampa ndizi, akapunguza. Kesho yake migomba yote ikasikia tena. "Mkaidi wetu," walisema, na wakafuta machozi.

Sidii ile ilikuwa na mikwaruzo kuliko zote. Nilidhani ni kwa sababu haina thamani, imetupwa tupwa.

Basi nilikuwa nimesikiliza boksi zima na sikuwa na jibu. Nilijaribu kumkumbuka akiimba. Najua alikuwa anacheka kabla hajamaliza hadithi, ikabidi umwombe airudie. Najua alipenda ukoko, na alilala ameangalia ukuta. Kuimba sikumkumbuka hata mara moja. Muziki ulikuwa unapigwa karibu yake, ndivyo ilivyokuwa, na sisi sote tukadhani ni wake.

Nilichagua kwaya. Hakuna mtu aliyewahi kulaumiwa kwa kuchagua kwaya.

Misa iliwekwa Desemba, watu wa Dar wakiwa wamepanda, magari yamejaa mpaka kwenye vichochoro vya migomba. Nilibeba redio mapajani kutoka Moshi, ikiwa imefungwa tena khanga yake, na pale Himo abiria mmoja aliniuliza kama nimebeba mtoto. Kaburi lilikuwa limewekewa marumaru, na kandokando mama alikuwa ameagiza yapandwe masale, majani yetu ya makaburini. Padri alinyunyiza maji, akala kidogo, akaondoka kwenye misa nyingine. Watu wakala mtori na nyama, mbege ikazunguka. Mwenyekiti wa jumuiya alikaa karibu na mama, akimwelekeza kijiko kwenye sahani. Halafu mmoja mmoja wakageuka kuniangalia.

Niliweka redio kwenye kigoda mbele ya mama. Nikafungua fundo, nikatia kaseti, nikabonyeza. Kwaya ikaanza safari yake. Watu waliguna kwa kuridhika, na shangazi mmoja akashika sauti ya pili. Niliona mambo yameisha salama, nikaanza kukunja khanga.

Mama aliinua mkono.

"Zima."

Nikazima.

"Hii alikuwa ananiwekea mimi nikitaka kusali. Yeye ikipigwa anakwenda kukata majani ya ng'ombe."

"Mama," nilisema, na ilibidi niseme mbele ya ukoo mzima, "sikuipata. Nimesikiliza yote, kama ulivyoniambia. Sijui alipenda ipi."

"Hata mimi sijui. Nilidhani labda ipo moja. Moja tu aliyokuwa anaiweka kwa raha zake. Nilitaka uniambie ipo."

Mama alipapasa mpaka akaigusa redio, akaishika kichwani kama anavyoshika watoto.

"Ile ya kelele umekuja nayo?"

"Ipo kwenye boksi, mama."

"Ugonjwa ulianza mwaka jana, kahawa ikiwa inaanikwa. Alijua sioni. Akafikiri akiniziba na masikio sitajua kitu. Kwa hiyo tumbo likimkamata anafungulia muziki. Likiwa dogo anaweka ya baba yenu. Likizidi anaweka ile ya vijana, anaipandisha mpaka mwisho, anaingia chumbani kwake anafunga mlango. Mimi nakaa hapa hapa na rozari yangu. Ananificha, na mimi namficha kwamba najua. Nilimwambia mara moja twende hospitali, akasema twende wapi na nani atabaki na ng'ombe. Sikurudia. Ningemwambia najua, angekosa hata pa kulilia."

Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa ameshika kibuyu cha mbege. Alikiweka chini, kikaanguka, na hakukiokota.

"Iweke," mama aliniambia.

"Mama, kuna watu."

"Ndiyo. Waisikie. Walimsema sana."

Nilitoa kaseti, nikaitafuta sidii yenye fuvu. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa, nakumbuka, mikono ya mtu anayepima rangi. Nikabonyeza. Kitufe kilikuwa pale nilipokiacha mjini kwa ajili ya mama mwenye nyumba, na yule mtu akaanza kufoka kwa sauti ya chini, kama yuko nyumba ya tatu.

Mama aliinamisha sikio.

"Hapana. Sivyo ilivyokuwa. Ongeza."

Nikaongeza. Watoto waliokuwa wakicheza kahawani walisimama.

"Ongeza."

Nikaongeza tena. Wazee wa Dar waliangalia viatu vyao. Kigoda kilianza kutetemeka chini ya redio, nami nikahisi kutetemeka kule kunaingia kwenye vidole vyangu, kunapanda mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikasikia maumivu, yale ya mguu unaoamka. Nilimwona dada nyuma ya mlango ule, uso kwenye mto, akisubiri wimbo usiishe. Nilimwona akipokea simu yangu kwa mkono mmoja, tumbo amelishika kwa mwingine, akiniambia anachambua maharage.

"Baba," mama alisema, na safari hii nilimsoma midomoni, maana hakusikika. "Ongeza."

Nilizungusha kitufe mpaka kikagoma, pale pale nilipokikuta siku ya kwanza. Kisha nilifungua kinywa nikalia, kwa sauti yangu yote, mtu mzima mbele ya ukoo, na katika kelele zile hakuna aliyenisikia. Mama peke yake ndiye aliyegeuza kichwa.